Istikhara ya Mwosha Maiti

Wametusimulia waliotutangulia, na ukweli wa mambo anaujua Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen alikuwepo mwanamke mcha Mungu akiitwa Atika binti Sahl, mwosha maiti wa kike. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, akaifanya miaka thelathini pasi na kupokea hata tende moja. Wanawake wa mji walipohisi saa yao imekaribia, waliusia: "Nikifa, anioshe Mama Atika." Na yeye, Mungu amrehemu, aliupenda usia huo kuliko wenzake walivyopenda dhahabu.

Kisha akaja Lubaba. Alikuwa mjane kijana, mpole, asiye na mtoto wala ndugu, na Atika mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi: namna ya kumimina maji ya majani ya mkunazi, namna ya kumsitiri maiti, na zaidi ya yote, kwamba aibu anayoiona mwosha hufa nayo. Mwaka haukupita, mke wa kadhi akausia aoshwe na Lubaba. Baada yake mke wa muadhini. Baada yake dada yake Atika, wa tumbo moja! Eti Lubaba ana mikono laini.

Wivu, ndugu zangu, hauchagui pa kuingia. Mtadhani unakaa masokoni na kwenye majumba ya fahari tu. Huyu ulimwingia kwa ajili ya kuosha maiti! Kila akisikia kilio mtaani, kabla hajasema "Inna lillahi" alikwisha kujiuliza ameitwa nani. Akimwona Lubaba anapita na kata yake ya maji, uso ulicheka na roho ikamuuma. Akirudi nyumbani hulia kwa kijicho, kisha huleta istighfari akiomba msamaha kwa Mola, kisha hulia tena.

Asubuhi moja Lubaba alikuja, akambusu mkono, akakaa.

"Mama, nimeposwa."

"Na nani?"

"Na Hudhayl mwenye nafaka, yule wa milimani. Mahari yake ni nzuri, naye atanichukua kwao, safari ya siku kumi. Nimeswali istikhara siku tatu nikimwomba Mola anichagulie, moyo haujaegemea popote. Nimeambiwa aliyemtaka shauri Mola wake na awatake shauri waja wake pia. Basi nimekuja kwako. Niende au nibaki?"

Moyo wa Atika uliruka kwa furaha. Safari ya siku kumi! Lakini furaha haikufika mdomoni, kwa kuwa Hudhayl alimjua. Miaka minane nyuma mtu huyo alipita mjini humo na mkewe, mke akafariki, naye akawaambia watu kuwa ni homa. Atika ndiye aliyemwosha. Homa haivunji mkono ukaunga kombo. Homa haiachi alama za bakora mgongoni, mbichi juu ya kuukuu. Aliyaona yale yote, akayafunika kwa sanda, akanyamaza.

Hapo shetani hakumjia na pembe, alimjia na kilemba cha fakihi. "Siri ya maiti ni amana," akamnong'oneza, "nawe si mtu wa kuvunja amana. Nyamaza tu, mwache aende." Lo! Tazameni wivu unavyoijua dini ukitaka lake.

"Nipe hadi alasiri, mwanangu," akasema Atika. "Nami niswali istikhara nijue la kukwambia."

Baada ya adhuhuri akaswali rakaa mbili, akainua mikono. Nanyi mnaijua dua hiyo. Mja humwambia Mola wake: kama Unajua kwamba jambo hili ni heri kwangu katika dini yangu na maisha yangu, basi nirahisishie, na hapo hulitaja jambo lenyewe. Atika alipofika mahali pa kulitaja, alitaka kusema, "kuitunza siri ya maiti." Ulimi ukakataa. Akaanza upya, ukakataa tena. Mara ya tatu ukasema wenyewe lililokuwa moyoni: "Ewe Mola, kama kumwacha Lubaba aende kwa mtu wa bakora ni heri kwangu..."

Akajiziba mdomo. Istikhara ni ya mja aliyesimama kati ya halali mbili asijue iliyo bora. La wajibu halina istikhara, na la haramu halina. Naye alikuwa akijua tangu asubuhi! Tena ile haikuwa aibu ya maiti, maana maiti hakutenda kosa, alitendewa. Akalia mpaka mswala ukalowa. Hakungoja alasiri, akajitanda ushungi akatoka.

Alimkuta Lubaba anapepeta mtama. "Usiende," akamwambia akiwa bado mlangoni, kisha akamweleza yote aliyoyaona mwilini mwa marehemu. Kisha akaongeza lililomgharimu zaidi: "Na ujue jingine. Asubuhi nilitaka nikufiche. Nakuonea wivu, Lubaba. Nilitaka uondoke mji huu, nami nirudishiwe maiti wangu."

Lubaba akaweka ungo chini. "Hilo nalijua, Mama."

"Unalijua?"

"Tangu mke wa kadhi. Ulinipa pole ya kazi bila kunitazama."

"Na bado ukaja kutaka shauri kwangu?"

"Majirani wananipenda, wote wananililia nibaki. Nitajuaje kama wanasema haki au wanasema mapenzi yao? Mji mzima ni wewe peke yako unayetaka niondoke. Nikamwambia Mola wangu: Mama Atika akinikataza kwenda, nitajua neno hilo limetoka Kwako."

Atika akaketi kizingitini.

Lubaba hakuolewa na Hudhayl. Na wivu je? Wasimulizi hawatufichi, haukuondoka siku ile. Kila Lubaba alipoitwa, Atika alihisi mchomo uleule, na kila alipouhisi alimwombea mwenzake dua kwa jina lake, hata akaizoea dua kuliko mchomo. Mwosha huoshwa, na saa ya Atika nayo ikafika. Wanawake wakamwuliza ni nani amwoshe. Akatabasamu. "Nani tena? Lubaba ana mikono laini."

Ndugu zangu, tukimwomba Mola mwongozo hukaa tukingoja ndoto, na huenda jibu liko kwa mtu asiyetupenda. Au jibu la mwenzako liko kinywani mwako tangu asubuhi, na wewe umelifungia humo. Mwenyezi Mungu atufungue vinywa kwa haki, japo roho zinatuuma. Amin.