Fisi Alivyojitafuta Asijione

Hodi, ngano inabisha!
— Ikaribie!
Inatafuta pa kukaa!
— Masikioni kuna nafasi!

Basi hapo kale alikuwepo Fisi, bwana wa "changu". Mfupa wangu. Kivuli changu. Hata nzi waliotua kwenye mfupa, nzi wangu! Siku moja Bi Mjusi, yule mdogo wa ukutani, akadokoa nzi mmoja awapelekee wanawe. Fisi akamkanyaga mkia, pwa!

"Umechukua nzi wangu, nami nakula wewe!"

Bi Mjusi akakumbuka sheria ya porini: mkosaji huliwa, mali yake haiguswi, ni ya watoto wake.

"Haki yako, Bwana Fisi. Mimi unile, mali yangu uiache. Hicho ulichokanyaga ni nini?"

"Mkia wako."

"Wangu, eeh? Basi ni mali."

Chwap! Akauachia mkia, ukabaki unarukaruka peke yake. Kabla hajakimbia, guu la Fisi likamshukia mgongoni.

"Umeona?" Bi Mjusi akasema kwa shida. "Mkia ule pale, mimi bado nasema."

"Nitakula miguu!"

"Ya nani?"

"Yako."

"Mali hiyo."

"Nitakula kichwa!"

"Cha nani?"

"Chako."

"Mali hiyo pia."

"Sasa wewe mwenyewe uko wapi?" Fisi akafoka.

"Hata mimi najitafuta. Hebu nioneshe wewe: Fisi yuko wapi?"

Fisi akainua guu ajipapase. Bi Mjusi angeweza kukimbia, lakini utamu wa mchezo ulishamkolea. Pua? Pua ya Fisi. Tumbo? Tumbo la Fisi. Fisi akajizungusha, akajizungusha, mwenyewe hamwoni. Tumbo likanguruma, ngruuu!

"Nani basi ana njaa?" akauliza kwa woga.

"Tumbo. Wewe linakuhusu nini?"

Fisi akakaa kitako, akashusha pumzi, fyuuu! "Kumbe! Miaka yote nalinda mfupa, silali, na ninayemlindia hayupo! Ah, nimetua mzigo, dada yangu." Akacheka, akajinyoosha, akakoroma.

Bi Mjusi naye akapumua. Akaokota nzi wa kuwatosha wanawe, akaenda zake bila mkia, mwepesi, na hai.

Funzo lake, watoto: kila mtu ajishike mwenyewe kwa nguvu, asijiachie hata kidogo!

Ngano inaaga!
— Iende salama!

Na ule muhogo wa mwisho sufuriani, jamani, asiuguse mtu. Ni wangu.