Tembo Aliyepimwa na Sisimizi

Nina ngano, niimwage au niifunike?

Imwage, masikio tunayo.

Basi, alikuwapo Tembo, mwenye shamba la miwa. Asubuhi anatafuna miwa, tafu tafu tafu. Mchana anatafuna miwa, tafu tafu tafu. Kisha anashuka dimbwini, gugugugu. Akinywa anakojoa, akikojoa anashikwa na kiu, akishikwa na kiu anakunywa. Dimbwi likabaki tope, watoto wa Pimbi wakalala na koo kavu. Mnyama gani huyu, anakunywa dimbwi zima na bado ana kiu?

Pimbi naye alijiuliza. Ni kijinyama kidogo, lakini kwa umbea hana mpinzani. Akamfuata Tembo nyuma nyuma hadi kichakani. Tembo akakojoa, chwaaa, sisimizi wakaja mbio. Pimbi akakojoa pembeni. Hakuja hata mmoja.

Akamweleza Tembo kwamba sukari imemzidi mwilini hadi inamwagika, apunguze miwa. Tembo akamwambia aende akalee watoto. Pimbi akabadili maneno.

"Sawa, babu. Ila leo sisimizi wamefika unapokojolea. Kesho watataka kujua sukari inatokea wapi."

Tembo akaacha kutafuna. "Watajuaje?"

"Watapanda juu kuitafuta."

Tembo akabana mapaja.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kula, alikojoa mchangani akainama kutazama. Wakija wengi, hagusi muwa, anatembea hadi mlimani na kurudi. Wakija wachache, anatembea vilevile, kwa woga. Siku moja akakojolea jiwe la moto ili wasije. Pimbi akamuuliza tu mbona tangu asubuhi kanywa mara tisa. Tembo akaona haya, kesho yake akarudi mchangani.

Sisimizi wakapungua, kiu ikapungua, dimbwi likajaa. Watoto wa Pimbi wakanywa wakashiba. Na ile miwa? Pimbi alijitolea kuila yote, eti isije ikamshawishi mzee. Tembo akamshukuru sana.

Juzi nimemwona Pimbi dimbwini. Anakunywa, gugugugu, anakimbilia kichakani, anarudi kunywa. Nikamuuliza kama amewatazama sisimizi. Akanijibu kwamba mgonjwa ni Tembo.

Funzo lake ndilo hilo, wenzangu: mpime jirani yako kila asubuhi, wewe mwenyewe ni mzima.

Imeishia hapo. Ikiwa tamu, mgawane. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.