Bildi Aliyoikataza Amiri

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika bahari ya Sham palikuwa na amiri wa merikebu ya vita, jina lake Mutwarrif bin Yazidi, mcha Mungu aliyesifiwa hata na mahasidi wake. Mwaka mmoja, asubuhi ya Idi, merikebu yake iligonga mwamba mlangoni mwa bandari, ikazama. Mabaharia wote waliokolewa, ila rubani wake, mzee Buraida.

Watu hawakukawia kusema kuwa rubani ndiye aliyekosea njia. Maiti hana mdomo. Kadhi alipoketi kusikiliza, Mutwarrif alikwisha kuahidiwa merikebu mpya. Kilichobaki ni yeye kunyamaza tu. Lakini mbele yake aliketi Lubaba, mjane wa Buraida, ambaye tangu msiba ule majirani walikuwa hawamwitikii salamu.

Kadhi akauliza, "Ewe amiri, una la kuongeza?"

Mutwarrif akasema, "Allah akuhifadhi, ewe Kadhi. Buraida aliniomba mara mbili tusimame tutupe bildi, ile kamba yenye risasi, tupime kina cha maji. Nikamkataza. Nilimwambia swala ya Idi itatupita."

"Basi uliharakia kheri," Kadhi akasema kwa upole.

"Wallahi, sivyo! Wakati ulikuwapo tele. Nilitaka merikebu yangu iingie ya kwanza, watu wote wakiwa ufukweni wananitazama. Swala niliifanya kisingizio."

Lubaba akaangua kilio. "Alhamdulillahi," akasema. "Leo ndipo mume wangu alipozikwa."

Mutwarrif alivuliwa uamiri siku ile ile, na miaka ishirini ya utumishi ikaishia pale. Baadaye alirudi baharini, si kwa kuamuru, bali kutupa bildi katika merikebu za wengine, akaifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamjaa. Manahodha vijana wakimtania, "Mzee, hapa si wapajua?" Naye huwajibu, "Na pale nilipajua," kisha huitupa bildi.

Ndugu zangu, sisi tukimwaga uji tu twamsingizia paka. Mja huyu alikuwa na udhuru uliovikwa kanzu ya ibada, na hapakuwa na wa kuuvua ila yeye mwenyewe. Mola atujaalie ukweli kama ule, hasa siku ambayo kimya kingetufaa.