Mfumo Ulioitwa Kissa

Fundi mmoja alikuwa na chumba cha kazi chenye dirisha moja, na ndani yake kompyuta kumi na moja zilizokufa. Jina lake Ambilikile. Aliishi katika mji mdogo wa milimani, nchi ya mvua na migomba, ambako umeme hukatika bila kuaga. Watu walimletea mashine zao wakiwa na tumaini, naye mara nyingi aliwarudishia wakiwa hawana tumaini tena. Wala mashine hazikuwa mbovu. Zilikuwa za zamani tu. Ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza, ambayo mafundi huiita mfumo endeshi, ilitoka mbali, na kila mwaka ilikuja nzito zaidi, ikizikataa mashine za watu wasio na uwezo wa kununua mpya. Ambilikile aliona hiyo ni dhuluma. Nami sisemi kwamba alikosea kuona hivyo.

Akaazimia kuandika mfumo wake mwenyewe, kuanzia msingi. Hakuna aliyemtuma. Mwaka wa kwanza ulipoisha, herufi moja nyeupe ilitokea kwenye kioo cheusi, akakaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa. Mwaka wa tatu mashine ilivisikia vidole vyake. Mwaka wa tano iliweza kutunza alichoandika na kumrudishia kesho yake. Kufikia mwaka wa saba mfumo ulikuwa na madirisha, na rangi, na mshale uliotembea kwa utulivu, na kompyuta ambayo mwenyewe alikwisha kuitupa iliamka kabla mtu hajamaliza kukohoa. Akauita Kissa, jina la marehemu mama yake, ambalo kwa lugha ya kwao maana yake ni huruma. Katika nchi nyingine walikuwapo watu wenye kazi kama yake, wanaoandika mifumo yao kwa kupenda tu. Hakuwahi kuonana nao, lakini waliandikiana. Kila alipoongeza kitu aliwatumia picha, nao walimsifu siku hiyohiyo. Ila katika mji wake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeutumia mfumo ule zaidi yake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Siku moja alikuja Sekela, binti wa mama yake mkubwa. Sekela alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati ya bondeni, peke yake katika kazi ya watu watatu. Aliibeba kompyuta ya zahanati ikiwa imefungwa katika kitenge. Ilikuwa imekuwa nzito kiasi kwamba alibonyeza kitu, akaenda kumpima mgonjwa, akarudi, nayo bado inafikiri. Ndani yake alitaka kuweka orodha moja tu, ya wajawazito wake walio hatarini: aliyewahi kupasuliwa, mwenye presha, mwenye mapacha. Kila mmoja alikuwa na tarehe yake ya kupanda kwenda hospitali ya wilaya, akakae katika nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, kwa sababu barabara ya bondeni wakati wa masika si ya kutegemewa. Tarehe ikikaribia, Sekela humpigia simu mwanamke huyo na kumwambia aondoke. "Kaka," alisema, "iniandikie akina mama wangu tu, na isinisahaulie. Sina haja na kingine."

Ilikuwapo mifumo mingine mepesi, iliyokwisha kujaribiwa na watu wengi, inayopatikana bure. Mchana mmoja ungetosha kuiweka. Ambilikile aliijua. Lakini aliitazama ile mashine, akaona kwamba Sekela ndiye mtumiaji wa kwanza, ambaye yeye amemngoja miaka saba. Akaiwekea Kissa.

Ukutani kwake palibandikwa karatasi ya mambo yaliyobaki. La kwanza lilibadilika kila mara, kulingana na kile ambacho moyo wake ulikuwa ukikitaka. Palikuwa na jambo la kuchapa, maana Kissa haukujua kutoa maandishi kwenye karatasi. Na palikuwa na jambo moja la umeme: ukikatika wakati mtu anaandika, yaliyoandikwa karibuni yaliweza kupotea, na mashine ikaamka na yale ya zamani kana kwamba hapakuwahi kuwa na mengine. Hilo lilikuwa la nne. Alimweleza Sekela kuhusu kuchapa. Kuhusu lile la nne hakumweleza, kwa kuwa alikusudia kulirekebisha.

Sekela alikuwa na daftari kubwa ambamo kwa miaka mingi aliyaandika majina hayo kwa kalamu nyekundu. Alisema ataandika kotekote kwanza, kwenye daftari na kwenye mashine. Ambilikile akacheka kidogo. "Daftari la nini tena, dada? Unaniaibisha." Alisema kwa mzaha, ila aliumia kweli, naye Sekela akaona. Kwa kumheshimu kaka yake, na kwa kuchoka kuandika jambo moja mara mbili huku foleni ya wagonjwa ikimtazama, mashine ilipotimiza miezi mitatu akaliacha daftari.

Kazi ilikwenda vizuri. Ambilikile aliwaandikia wenzake wa mbali kwamba sasa mfumo wake unatumika mahali pa kutibu watu. Hawakuwahi kumsifu kama walivyomsifu siku hiyo. Wakaomba picha, akateremka bondeni kumpiga Sekela picha akiwa ameketi mbele ya mashine, na Sekela akatabasamu ingawa nyuma ya ukuta mtoto wa mtu alikuwa akilia. Wakamwalika auoneshe mfumo wake katika mkutano wao wa mtandaoni. Mmoja akamwambia, kwa nia njema, kwamba umbo la herufi zake bado halipendezi. Akaanza kuzichora upya, moja baada ya nyingine, kubwa na ndogo.

Alikuwa katika kazi hiyo Sekela alipoingia akiwa amelowa mvua. Hakuketi.

"Kaka, juzi umeme ulikatika nikiwa naandika. Uliporudi, majina mawili hayakuwapo. Ni bahati tu kwamba nilikuwa nayakumbuka."

"Najua," Ambilikile alisema. "Lipo kwenye orodha pale. La nne."

"Na la kwanza ni lipi?"

Akamgeuzia kioo, amwoneshe herufi aliyokuwa akiichora tangu asubuhi. Sekela aliitazama. "Nzuri," alisema, kwa sababu ilikuwa nzuri kweli. Kisha akajifunika kitenge kichwani, akarudi bondeni.

Huko bondeni aliishi mwanamke aliyeitwa Lugano, mke wa Asajile mfyatua matofali. Mtoto wao wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na sasa alikuwa na mimba ya pili. Alipokwenda kliniki, Sekela alilishika kovu lake kwa vidole, akamwambia kwamba safari hii hatakiwi hata kidogo kushikwa na uchungu akiwa nyumbani. "Tarehe usihangaike nayo," alimwambia. "Ninaiandika hapa. Nikikupigia simu, siku hiyohiyo unapanda." Akaandika jina lake, akaandika na tarehe. Hajanyanyuka kitini, akaitwa chumba cha pili, mwanamke anajifungua. Akiwa huko umeme ulikatika, ukarudi. Chumba kile kina dirisha kubwa, na ilikuwa mchana, hakujua. Aliporudi, Kissa ulikuwa umekwisha kuamka wenyewe na kuifungua orodha palepale ilipokuwa, ufundi ambao Ambilikile alijivunia sana. Orodha ilinyooka vizuri, haina pengo. Orodha iliyopoteza jina haina jeraha la kuonekana. Sekela akaketi, akamwita mgonjwa anayefuata.

Lugano alirudi nyumbani akafunga mzigo wake: khanga tatu, kopo la unga wa uji, sabuni, nguo ndogo alizofuma. Simu yake aliichaji dukani kwa jirani kila siku ya pili, asije akapigiwa ikiwa imezima. Asajile alimuuliza mara mbili, "Nesi hajapiga?" Akajibu, "Hajapiga." Naye Asajile akasema, "Basi bado." Walikuwa watu wasikivu. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri.

Uchungu ulimshika asubuhi ya siku ya soko, wiki mbili baada ya tarehe aliyopaswa kuwa amekwisha kufika hospitali ya wilaya. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano, na gari lililoitwa lilikwama kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Wanaume wanne wakambeba kwa machela, Asajile mbele, tope likiwafika magotini. Sekela aliwafuata mbio akiwa na mfuko wake wa kazi, akawafikia katikati ya kilima, akaweka mkono juu ya tumbo. Akaelewa kwamba kovu limeachia, limechanika ndani. Alimtundikia maji, akamshika mkono, akaongea naye njia nzima. Lugano alimuuliza jambo moja tu: "Dada, mbona hukupiga?" Hakusema kwa kulaumu, alitaka kujua. Alikufa kabla hawajaifikia barabara ya lami, na mtoto akafa ndani yake.

Walipomaliza kuzika, Sekela aliipeleka mashine kwa Ambilikile, akaiweka mezani, akaondoka bila kusalimu. Siku ya tatu alikuja Asajile, ambaye Sekela alikwisha kumweleza habari za mashine. Nguo zake zilikuwa na udongo mwekundu, kwa kuwa alikuwa akijengea kaburi kwa matofali yake mwenyewe na alikuwa ameiacha kazi katikati.

"Fundi," alisema, "nioneshe jina la mke wangu."

Ambilikile aliiwasha mashine. Iliamka upesi kama kawaida yake. Aliandika jina la Lugano kwenye sehemu ya kutafutia, kwa zile herufi mpya, na mashine ikamjibu kwa neno moja: Hakuna. Asajile alilisoma neno hilo polepole. Akauliza, "Ulijua kwamba inaweza kusahau?"

Ambilikile alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba alifanya kazi ile bure. Kwamba umeme si wake. Kwamba hata mifumo ya wakubwa ina makosa, na hakuna kilichoandikwa na mwanadamu kisicho na kasoro. Yote hayo yalikuwa kweli, na yalimjia mdomoni yote kwa pamoja.

"Nilijua," alisema.

Asajile aliyatazama mabaki ya mashine yaliyojaa chumbani, kama mtu aliyeingia nyumba ngeni na hajui atokee wapi. Kisha akasema kwamba udongo alioukanda utamkaukia, akaenda zake.

Ambilikile alifunga mlango, akaanza kulirekebisha lile jambo la nne. Miaka yote aliliogopa, akidhani litamchukua miezi. Lilimchukua siku mbili. Aliuchomoa waya wa umeme mara arobaini, na mara arobaini majina yote yalirudi. Kwa mazoea aliwaandikia wenzake kwamba tatizo limekwisha, bila kuwaeleza lililotokea. Walimjibu siku hiyohiyo. Walimpongeza. Mmoja aliandika kwamba sasa Kissa umekomaa, na mtu yeyote anaweza kuutumia bila hofu. Alisoma maneno hayo mpaka mwisho, na tangu siku hiyo hakuwaandikia tena.

Aliibeba mashine begani akateremka bondeni. Alimkuta Sekela akiandika, na mbele yake akina mama wameketi kwenye benchi. Alimweleza alichofanya, na namna alivyojaribu mara arobaini. Sekela alimsikiliza mpaka akamaliza. "Naamini imepona, kaka," alisema. "Iweke pale chini." Kisha akamwita mama aliyefuata, akamuuliza jina lake, naye Ambilikile akabaki amesimama mpaka akaona kwamba anawazuia watu mlango.

Nanyi mnaonisikiliza ni watu wazima, na kila mmoja wenu ana kazi ya mikono yake ambayo mtu fulani ameiegemea kwa uzito wake wote. Msiniambie kwamba fundi huyu alikuwa mtu mbaya, kwa kuwa hakuwa mbaya, wala msiniambie kwamba kosa ni la mvua. Niambieni hili tu: Lugano alianza kufa siku gani?