Kishungi cha Bi Kanga na Magulio Matatu

Paukwa!

Pakawa!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yategeni. Na wewe unayesinzia, sogea karibu na moto.

Hapo zamani za kale palikuwa na vitongoji vitatu pembezoni mwa mji wa Simba. Cha Fisi, cha Ngiri na cha Nyani, kila mmoja mwenyekiti wa kwake. Kila kimoja kilikuwa na siku yake ya gulio: Jumatatu kwa Fisi, Jumatano kwa Ngiri, Ijumaa kwa Nyani.

Bi Kanga, mjane mwenye makinda, aliuza togwa kote kutatu. Enzi hizo alikuwa na kishungi kichwani, cheusi, kinang'aa, wanawake wenzake hawalali kwa wivu. Alitembea akiimba:

*Leo kwako, kesho kwake,*
*togwa langu halilali!*

Siku moja Fisi akachungulia kwa Ngiri, akaona gulio limefurika. (Kiti chenyewe alikipataje? Tusiseme, mkewe ni jirani yangu.) Akapiga mbiu: "Gulio letu sasa ni Jumatano!"

Nyani akasikia, akaogopa kubaki nyuma. "Na letu Jumatano!"

Bi Kanga akaenda kwa Fisi. "Bwana Mwenyekiti, nitagawanyika vipande vitatu? Nina makinda."

"Chagua, Bi Kanga. Sisi tunataka maendeleo."

Akaenda kwa Nyani. "Bwana Mwenyekiti, nitagawanyika vipande vitatu?"

"Waambie wenzangu wahame. Mimi ndiyo kwanza nimefika!"

Akaenda kwa Ngiri. "Bwana Mwenyekiti, nitagawanyika vipande vitatu?"

"Siku ni yangu tangu babu. Wahame wao!"

Jumatano ikafika. Wa mchele wakaenda kwa Fisi, wa samaki kwa Ngiri, wa chumvi kwa Nyani. Mnunuzi akipata mchele, hana kitoweo. Akipata samaki, hana chumvi. Wanunuzi wakachoka, wakaenda zao mjini kwa Simba, ambako kila kitu kipo na kila siku ni gulio.

Togwa la Bi Kanga likachacha. Makinda wakalia. Naye akabeba mtungi mgongoni, akaenda mjini.

Langoni yupo Chui. "Ushuru!"

"Sijauza bado, baba."

"Kishungi kizuri hicho."

Akanyofoa unyoya. Kesho akanyofoa. Keshokutwa akanyofoa. Mpaka kichwa kikabaki kipara.

Jioni moja Bi Kanga alikatiza kwenye uwanja wa Fisi. Hakuna mtu, nyasi tupu, na Fisi kwenye kiti chake katikati.

"Bi Kanga! Umesikia? Tumeshinda!"

"Tumeshinda nini, Bwana Mwenyekiti?"

"Nyasi za uwanja wa Ngiri zimefika magotini. Za Nyani kiunoni. Zetu sisi vifundoni tu!"

Bi Kanga akajaribu kuimba: *Leo kwako...* Wimbo ukaishia hapo, maana hapakuwa na kwako wala kwake. Akajifunika kipara kwa bawa, akaenda kuwaambia makinda walale.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Majirani wakinyang'anyana wateja, humjazia mwenye lango kubwa, na anayenyofolewa si mwenyekiti. Asiyesadiki amwangalie kanga kichwani.

Imekupendeza, ichukue. Haikukupendeza, niachie, nitaiuza Jumatano.