Boga Lililoitika

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na shamba. Na shambani?

*Pakawa na boga!*

Na ndani ya boga?

*Pakawa na sikio!*

Basi semeni polepole, tusije tukasikiwa.

Hapo kale, juu milimani, palikuwa na shamba dogo la mboga. Palioteshwa mchicha, palioteshwa kunde, palioteshwa maboga. Ardhi ililishwa samadi ya mbuzi na majani yaliyooza. Wadudu walifukuzwa kwa majivu ya jikoni. Mbegu hazikununuliwa popote, zilitoka tumboni mwa mazao ya mwaka uliopita.

Mwenye shamba aliitwa Kajiru. Aliishi na mkewe, mama yake mzazi na watoto wawili wa kike. Mkubwa aliitwa Nakundwa, mdogo aliitwa Nambua. Mke wa Kajiru alikuwa na jina lake la usichana, lakini tangu alipojifungua watu walimwita Mama Nakundwa, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau lile la zamani.

Masika ya mwaka mmoja Nakundwa akapata homa. Homa haikushuka. Wakamzika mvua ikinyesha.

Majirani walikuwa watu wema. Wakasema, "Tukimwita Mama Nakundwa tutamchoma moyo." Tangu siku hiyo wakaanza kumwita Mama Nambua. Kisimani, Mama Nambua. Gulioni, Mama Nambua. Nyumbani, Mama Nambua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini jina la yule mtoto likawa halina mdomo wa kukaa.

Masika yakaisha. Jua la kwanza la kiangazi likaanza kukausha umande. Hiyo ndiyo siku ya kuchagua boga la mbegu. Boga la mbegu hufungwa ukambaa wa mgomba kwenye kikonyo, likaachwa mpaka likomae. Haliliwi. Halikaliwi karibu. Halipewi jina. Aliyelifunga ndiye atakayelipasua.

Bibi, yaani mama yake Kajiru, alikuwa akiulizwa kwa nini, anajibu hivi: "Kitu kinachongoja kupandwa kinasikiliza."

Mwaka huo kazi ya kufunga ukambaa ilimwangukia mke wa Kajiru. Akachagua boga zuri, la mviringo, lenye kijani cha kung'aa. Akafunga. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Shamba lilikuwa tupu na jua lilikuwa utosini. Akaweka kiganja juu ya boga, akaliita, "Nakundwa."

Boga likaitika, "Abee, mama."

Ninyi mngekimbia. Mimi pia ningekimbia. Yeye alikaa chini.

Kesho yake mchana, vivuli vilipokwisha kuingia chini ya miguu ya watu, akarudi.

"Nakundwa."

"Abee, mama. Nina kiu."

Ilikuwa zamu yao ya maji ya mfereji. Mama akachukua jembe, akaziba njia ya kwenda kwenye mchicha, akayaelekeza maji yote kwenye shina la boga. Boga likanywa. Likavimba likawa kama chungu. Jioni mchicha ulikuwa umelala chini.

"Mama Nambua," Bibi akasema, "mchicha umepatwa na nini?"

"Ni jua, mama."

"Jua gani la mwanzo wa kiangazi? Hili halijakausha hata shuka langu."

Mama akalibeba jembe lake, akaingia ndani.

Siku iliyofuata akarudi, jua utosini.

"Nakundwa."

"Abee, mama. Nina baridi."

Jua lile lilikuwa linatoa jasho! Lakini mama akaenda ndani, akatoa kwenye sanduku nguo ya Nakundwa, ile yenye pindo jekundu, akalifunika boga. Boga likavimba likawa kama mtungi mkubwa. Kunde zilizokuwa karibu zikaangusha maua yote kwa pamoja, bila upepo.

Juu ya fito ya uzio alikuwapo Kinyonga. Jicho moja lilimtazama mama, jingine lilitazama boga.

"Mama wee," akasema, "wanao waliwahi kuona baridi mchana?"

"Shika njia yako, Kinyonga."

"Nimeishika. Mwendo wangu ndio huu. Wenye mbio hupita kabla ya kusikia."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia sauti moja, ikiita na kuitika."

"Mmbeya wewe! Hata rangi yako mwenyewe huijui."

"Kweli, siijui," akasema Kinyonga, akanyanyua mguu mmoja, akausahau hewani.

Mara ya tatu akarudi, jua utosini.

"Nakundwa."

"Abee, mama. Niko peke yangu. Niletee mdogo wangu tucheze."

Hapo mama aliinuka, akarudi nyuma hatua moja. Lakini ile sauti ikaongeza, taratibu, "Kidogo tu, mama. Nitamrudisha."

Mama akaenda nyumbani. Nambua alikuwa mlangoni akipanga vijiti, mtoto mdogo ambaye juzi tu ndiyo kaanza kukimbia bila kuanguka. Mama akamshika mkono.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa dada yako."

"Dada amekufa."

Wakapita kwenye mchicha uliokauka.

"Mama, dada amekufa. Hujui?"

Wakapita kwenye kunde zisizo na maua. Mbele yao boga lilikuwa limelala chini ya nguo yenye pindo jekundu. Ubavuni mwake palikuwa na ufa, na ule ufa ulikuwa unapanuka polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Bibi alikuwa upande wa pili akifyeka magugu kwa panga. Akainua kichwa. Akaona boga, akaona ufa, akaona mjukuu wake anavutwa mkono. Magoti yake hayakuwa ya kukimbia. Akaita,

"Mama Nambua!"

Mama hakugeuka.

"Mama Nambua! Simama!"

Mama hakugeuka. Lile jina lilikuwa geni masikioni mwake, alikuwa akiliitikia kwa adabu tu. Bibi, kwa hofu, akasahau wema wote waliokubaliana kijijini, akaita kwa jina la miaka yote,

"Mama Nakundwaaa!"

"Abee!" akaitika mama, akageuka.

"Abee!" likaitika boga.

Sauti zote mbili zilikuwa moja. Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti yake yeye mama, mkwaruzo wake, uchovu wake.

Mama akamsukuma Nambua nyuma ya mgongo wake. Akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu siku ya mazishi.

"Mwanangu amekufa."

Boga likasema, "Niko hapa, mama."

"Mwanangu Nakundwa amekufa."

Boga likasema, "Niko hapa, ma…"

"Nakundwa amekufa, na jina lake ni langu. Nirudishie!"

Boga likanyamaza.

Bibi akafika akihema, panga mkononi. Akalinyoosha. "Shika. Wewe ndiwe uliyelifunga."

Mama akalipasua.

Ndani hamkuwa na mbegu hata moja. Hamkuwa na nyama wala maji. Palikuwa na shimo laini lililokunjwa kama mtu aliyelala ubavu: hapa kichwa, hapa mgongo, hapa magoti. Mama akalitazama. Nakundwa alikuwa msichana mrefu, alikwishamfikia mama yake kifuani. Shimo lile halikuwa kipimo chake. Lilikuwa kipimo cha mtoto aliyeanza juzi kukimbia bila kuanguka.

Bibi alimbeba Nambua mgongoni, magoti yake yale yale mabovu, hakumshusha mpaka jioni.

Mwaka ule shamba la Kajiru likakosa mbegu za boga. Habari zikaenea. Majirani wakaja mmoja mmoja, kila mtu na mbegu kidogo kwenye jani la mgomba. Wa kwanza akasimama mlangoni, akajikohoza, akasema, "Pokea, Mama Nambua."

Mama hakunyoosha mkono. "Mimi ni Mama Nakundwa," akasema. "Na ni mama wa Nambua pia. Niiteni. Nikilia, nitanyamaza mwenyewe."

Yule jirani akainamisha kichwa. "Pokea, Mama Nakundwa."

Akalia. Akapokea. Wa pili akaita, akalia, akapokea. Wa tatu alipoita, akaitika tu.

Msimcheke yule mama. Wala majirani msiwalaumu, walifunga midomo kwa huruma. Shikeni hili tu: jina la marehemu liacheni vinywani mwa walio hai. Mkilinyima mahali pa kukaa, litatafuta nyumba, na nyumba litakayoipata itataka kujazwa.

Ngano yangu naifukia hapa hapa, chini ya majivu haya. Asiifukue mtu kabla ya masika.

Mimi boga bado nalila, tena la nazi ndilo nilipendalo. Ila kabla ya kulipasua, huligonga kwanza na kuuliza, "Hodi?" Siku likinijibu, karibuni ninyi mle.