Kwa Nini Nyumba ya Kikao ya Itumbika Ina Kuta Tatu

Haya, tulizeni vinywa. Tangu asubuhi mnabishana, huyu haki za wanawake, yule wanaume nao watetewe na nani, hadi chai imepoa. Mmeketi ndani ya nyumba ya kuta tatu na hakuna hata mmoja aliyeuliza ukuta wa nne ulikwenda wapi. Basi sikilizeni.

Itumbika ilipokuwa bado changa, nyumba hii ilikuwa na kuta nne na mlango mmoja mwembamba. Wanaume walisimamisha miti na kufunga fito. Wanawake walikanyaga udongo, wakaukandika kwa viganja vyao mpaka ukuta ukawa laini. Wakishamaliza, mlango ule hawakuuvuka tena. Mwanamke akiwa na neno alimnong'oneza mumewe, na mumewe akikumbuka alilisema. Wanaume nao walikuwa na miiko yao: mwanamume hakubeba mtoto mgongoni, na mkewe akifa, mtoto mchanga alipelekwa kwa dada wa marehemu. Baba hakuulizwa. Mkisikia watu wakidai zamani wanaume walikuwa na raha zote, waleteni kwangu.

Nyamizi ndiye aliyekuwa fundi wa kukandika kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na miwili kwa mumewe bila kushika mimba, na maneno ya watu alikwisha kuyameza hadi akashiba. Mdogo wake, Kabula, alipofariki wiki tatu baada ya kujifungua, kila mtu alijua kitoto Milembe ni cha Nyamizi. Yeye mwenyewe alijua. Alitandika kitanda kidogo, akaona aibu kwa furaha yake, maana msiba ulikuwa bado mbichi.

Alipokwenda kumtazama mtoto, alimkuta Kapela, mume wa marehemu, nyuma ya nyumba. Amejifunga mbeleko ya mkewe, Milembe amelala fofofo mgongoni, naye anachuja maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Alishtuka kama mwizi.

"Shemeji, usimwambie mtu," alisema. Kisha akalia. "Mke wangu nimemzika. Na huyu naye mnaninyang'anya?"

Nyamizi alimkagua mtoto. Kanona, kitovu kimepona, shingo imepakwa mafuta. Alitafuta kosa, hakuliona. Akarudi kwake, akalia kwa wivu mpaka machozi yakamwishia.

Kapela akakataa kumtoa mtoto, kikao kikaitishwa. Siku hiyo alimwachia Nyamizi mtoto mlangoni, kama desturi ilivyotaka, akaingia ndani. Nyamizi akaketi nje pamoja na wanawake wengine, Milembe mapajani, akisikiliza kupitia ukuta. Mzee Lugembe ndiye aliyeongoza kikao.

"Tangu lini dume likalea?" aliuliza. "Leo ukivaa mbeleko, kesho tutaambiwa tusuke mikeka!"

Wazee wakacheka. Kapela akasema anaweza, amekwisha kumlea wiki nzima.

"Shahidi wako nani?"

"Shemeji yangu Nyamizi."

"Mwanamke havuki mlango huu. Shauri limekwisha."

Loo! Jamani, Nyamizi alihitaji kunyamaza tu. Anyamaze kidogo, mtoto awe wake maisha. Akamfunga Milembe mgongoni, akachukua mtungi wa maji, akaumwagia ukuta wote, akaanza kuubandua kwa kucha. Wenzake walidhani amepandwa na wazimu. Kisha mmoja akaleta jembe, na mwingine ndoo ya maji. Udongo ukaanguka mabonge kwa mabonge, mwanga ukaingia, wazee wakajikuta wanatazamana na wake zao kupitia fito.

"Nyamizi!" Mzee Lugembe alifoka. "Unabomoa nyumba ya wazee?"

"Mlango sijauvuka, baba. Udongo huu niliukandika mimi, nimeuchukua. Fito ni zenu, sizigusi. Nisikilizeni nikiwa hapa hapa nje. Kwa desturi mtoto huyu ni wangu, na namtaka, Mungu ndiye ajuaye ninavyomtaka. Lakini baba yake anamlea, tena vizuri. Nimeona kwa macho yangu. Mkinipa mimi mtakuwa mmemwibia yeye, na mtoto wa kuiba simtaki."

Mzee Lugembe alimtazama mkewe upande wa pili wa fito, matope hadi viwikoni, na mkewe hakuinamisha macho. Kapela akainuka. Fito zile alizifunga yeye na wenzake, basi akatoa kisu akaanza kukata kamba. Hakuna aliyemzuia. Wazee wawili walitoka wakisonya na kusema kwamba uanaume umekwisha Itumbika, na nasikia hawakurudi kikaoni mwaka mzima.

Fito ya mwisho ilipoanguka, Nyamizi aliingia palipokuwa na ukuta. Alimfungua Milembe, akamweka mgongoni mwa Kapela mbele ya wazee wote, akaikaza mbeleko mwenyewe. Kisha akasimama pale pale akalia, mgongo mtupu, bila kujificha.

Na tangu siku hiyo, kila msimu wa kukandika, Itumbika tunakandika kuta tatu, na shauri la nyumba ya mtu halikatwi mpaka mwanamume na mwanamke wote wawili wamesikilizwa kwa vinywa vyao. Wageni hutuuliza ni lini tutaimaliza nyumba yetu. Tunawaambia imekwisha.